Mkasi Uliorukwa Kila Jumamosi

Nusu ya watu wa Rungwe, mzee Ambindwile aliwajua wakiwa wamelala. Si usingizi wa kitandani, hapana. Ni ule usingizi wa etha, dawa ya kunusishwa, wa kulazwa juu ya meza ya chuma, mdomo wazi, mambo ya ndani yakiwa nje. Kwa miaka arobaini kasoro mmoja alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya misheni, na kazi yake ilikuwa kuchemsha vyuma: visu, mikasi, makoleo, sindano, misumeno ya mifupa. Alivichemsha, akavipanga kwenye treyi, akampa daktari anachokitaka, kisha akavikusanya vikiwa na damu, akaviosha na kuvichemsha tena. Wauguzi walimwita Bwana Sufuria. Hakukasirika, maana jina lisilo la uongo halina haja ya ugomvi.

Ukimkuta leo sokoni Tukuyu, mrefu, miaka ya mvua imemkunja mgongo kidogo, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, utadhani ni mzee tu aliyefuata chumvi. Wewe humjui. Yeye huenda anakujua. Anapita mbele ya mama muuza ndizi mwenye sauti ya kuamsha wafu, anamwamkia, "Ugonile, mama," naye mama anaitikia haraka haraka kwa sababu ana wateja. Hana habari kwamba huyo anayemsalimu aliwahi kukibeba kidole tumbo chake ndani ya bakuli. Anapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, bwana mmoja wa kujisifu kuliko jogoo, ambaye kabla ya kuwekewa etha alimlilia mama yake kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mzee hasemi kitu. Aliapa mbele ya metroni kwamba kilichoonekana mezani kinabaki mezani, na hata mkewe Veronika, aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na mitatu, hakuwahi kudokezewa neno.

Na wale wachache waliokuwa macho hawakumtambua pia, kwa kuwa siku zote alifunikwa kitambaa hadi chini ya macho. Basi hebu ufikirie mwenyewe upweke wa mtu huyo. Anawafahamu watu mpaka maini, nao hawamfahamu hata pua.

Mkusanyo wake ulianza kwa huruma, si kwa utaalamu. Zilipokuja sindano za plastiki za kutumia na kutupa, na mashine ya mvuke isiyohitaji mtu wa kuchochea moto, amri ilitoka kwamba vyuma vya zamani vitupwe shimoni. Ambindwile akasimama ukingoni mwa shimo lile na treyi yake mikononi, akashindwa. Alirudi kwa metroni akaomba apewe yeye. Metroni alicheka, akamwandikia barua na kuigonga muhuri, asije mtu akasema mhudumu kaiba. Barua hiyo anayo mpaka leo, ndani ya mfuko wa nailoni. Vyuma alivibeba hadi kwake Ikuti ndani ya kapu la ndizi.

Baadaye vikaongezeka. Mjini Tukuyu kuna fundi Hasheem, mnoa visu na mikasi, ambaye babu yake alitoka Kilwa na biashara ya nguo akanogewa na baridi ya huku. Enzi hizo Hasheem ndiye aliyenoa mikasi ya hospitali kwa jiwe lake la kuzungusha kwa mguu, lililoundwa kwa baiskeli mbovu. Akiona kitu kilichotoka hospitali ile kwenye lundo la chuma chakavu, humwekea mwenziwe chini ya benchi. Ndivyo Ambindwile alivyopata ile koni ya mti ya kusikilizia mtoto tumboni, mabomba mawili ya kioo ya sindano, na koleo refu lenye mdomo kama wa korongo. Vyote vimo ndani ya jiko la zamani la Veronika, kijumba cha matofali nyuma ya nyumba, kwenye rafu tatu zilizotandikwa shuka nyeupe. Amevipanga kwa ukubwa, vidogo mbele, vikubwa nyuma, kama treyi inavyotaka.

Adui yake ni kutu. Rungwe mvua haiishi, inapumzika tu ili ipate nguvu. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana huwasha jiko la mkaa, huliweka karibu na miguu yake, huketi na kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani, na kupaka kimoja kimoja. Na akiwa anapaka, anaongea. Jamani, mtu aliyenyamaza wiki nzima lazima aongee na kitu.

"Haya, msumeno, habari yako. Mwaka sabini na moja ulimkata mguu mzee mmoja wa hapa hapa Ikuti, aliyeangukiwa na mti. Alipozinduka akauliza kiatu cha pili ampe nani." Anapaka, anafuta. "Na wewe bomba, usijifanye mgeni. Mwaka sabini na tatu, surua ile." Kisha koleo refu. "Wewe ulitoa shilingi kooni mwa mtoto wa mchungaji. Sadaka iliyochelewa kufika."

Hakutaja majina. Alitaja kijiji na mwaka tu, akaona hivyo kiapo hakijavunjika. Na masimulizi yake hayakufuata mpango wa rafu, yalifuata miaka: cha zamani kwanza, cha karibuni mwisho. Ilikuwa kama kupita njia ile ile nyuma, akisimama pale pale alipowahi kusimama.

Kulikuwa na kimoja tu asichokisimulia. Kwenye kopo la majani ya chai, kimefungwa ndani ya kipande cha fulana, kulikuwa na mkasi mdogo wa kukatia kitovu. Mwaka wake ulipofika, tisini na mbili, mzee alifungua kopo, akautazama, akasema, "Wewe hapana. Mwenyewe yuko hapa hapa nyumbani." Akafunika, akaenda kwenye kinachofuata. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo.

Mwenyewe ni Agness, mke wa mwanawe.

Ili ulielewe jambo hili, sharti ujue mila ya Wanyakyusa kuhusu mkamwana na baba mkwe. Hawaangaliani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huchepukia migombani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameilegeza, na mjini utamwona mkamwana anamkaribisha mkwe chai juu ya sofa, wanatazama taarifa ya habari pamoja. Lakini kwa mzee Ambindwile mila imekaza kama fundo lililolowa, na aliyelikaza ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa siku ya harusi. Ukumbi umejaa, mshereheshaji ana kipaza sauti na maneno mengi, anapiga kelele, "Baba mkwe asogee amkumbatie bibi harusi!" Vijana wakashangilia. Ambindwile akasimama, akapiga hatua mbili, bibi harusi bado amefunikwa shela usoni, na hapo ndipo alipomwona mwanamke aliyekuwa ameketi upande wa bibi harusi, mama yake mdogo wa kijiji cha Nkunga, aliyemlea. Alimtambua palepale. Miaka mingi nyuma, mlangoni pa chumba cha upasuaji, mikono yake mwenyewe ilimkabidhi mwanamke yule kichanga kilichofungwa shuka. Mama wa kichanga hicho alikuwa amebaki mezani, amekufa. Yule mwanamke hakumtambua. Angemtambuaje, na siku ile aliona macho tu juu ya kitambaa?

Aliogopa kwamba akimgusa binti yule atasema, na akisema atakuwa amevunja kiapo mbele ya watu mia tatu na sufuria za pilau. Basi akajificha nyuma ya mila, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Akachukua kipaza sauti, akasema, "Sisi ni Wanyakyusa. Mkamwana na mkwe hawagusani, wala hawatazamani." Wazee wakampigia makofi kwa kuilinda mila. Walimpigia makofi kwa woga wake, ila hawakujua.

Veronika alipokuwa hai mambo yalikwenda. Yeye ndiye alikuwa daraja: anachukua maneno huku anapeleka kule, anayapunguza ukali njiani. Miaka mitatu iliyopita Veronika akafariki, na daraja likaondoka naye. Nelson, mwanawe, ni dereva wa malori ya kwenda Kongo, anaonekana nyumbani mara tatu kwa mwaka. Mtoto ndiye angekuwa mjumbe, lakini Nelson na Agness hawajajaliwa. Wakabaki watu wawili katika boma moja, nyumba mbili, hatua ishirini kati yao, na kimya.

Utasema simu zipo. Zipo, lakini mkwe anaiweka vipi namba ya mkamwana kwenye simu yake? Akitaka jambo, mzee humpigia Nelson, ambaye yuko kwenye foleni ya malori Kasumbalesa. "Mwambie mwenzako mboga ina chumvi nyingi." Nelson anampigia mkewe. Neno linasafiri hadi mpakani mwa Kongo na kurudi Ikuti ili livuke ua wa hatua ishirini. Siku mtandao ulipokatika, chumvi ilibaki vile vile siku tatu.

Lugha yao ya kila siku ilikuwa kikohozi. Agness anaweka sinia juu ya jiwe karibu na mlango wa mzee, anakohoa mara moja: chakula tayari. Akikohoa mara mbili: mvua inakuja, anua nguo. Mzee naye, ndani, anakohoa mara moja, maana yake nimesikia. Ndiyo mazungumzo ya nyumba ile. Ambindwile aliijua miguu ya mkamwana wake, kwa kuwa alitazama chini. Aliijua hatua yake, na jinsi mlango wake unavyolia ukifungwa Jumamosi mchana anapokwenda kuchuma chai, nyayo zikipotea migombani. Uso wake hakuujua.

Jambo la kumkosesha raha lilikuwa hili: mama yule, kabla ya etha kumchukua, alisema maneno. Alimwambia Ambindwile. Daktari Simon, aliyepasua siku ile, ameshafariki. Metroni ameshafariki. Mwaka juzi hata yule mama mdogo wa Nkunga walimzika. Katika dunia yote alibaki mtu mmoja tu anayejua kile ambacho mama yake Agness alikisema kwa ajili ya mwanawe, na mtu huyo ndiye pekee aliyekatazwa kuongea na Agness. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hii kata ilikuwa imezeeka.

Mwezi wa tatu alipokwenda mjini, Hasheem alisimamisha jiwe lake, akajifuta mikono.

"Mzee mwenzangu, nikuulize, usinichukie. Siku ukifumba macho, vile vyuma nani atavitazama?"

"Nelson."

"Nelson mtu wa barabarani. Nelson ataita mnunuzi wa chuma chakavu, viende vikayeyushwe viwe nondo."

"Basi viwe nondo."

"Sawa, chuma ni chuma," Hasheem akasema. "Na maneno yake? Maana najua unayo. Mtu hakai na msumeno wa mifupa nyumbani kwa ajili ya kukata kuni. Maneno nayo yawe nondo?"

Ambindwile alikasirika, kwa sababu aliambiwa kweli. Alichukua mafuta yake ya cherehani akaondoka bila kuaga vizuri, na njia nzima, mgongoni mwa bodaboda, alikuwa akimjibu Hasheem moyoni na kushindwa.

Mwezi wa nne ukaja msiba Nkunga, wa binamu yake. Alikwenda kwa siku tatu. Mvua ya makaburini ikampiga, siku ya pili kifua kikabana, wakamwambia ni nimonia. Dada yake akamlaza kwake, akamnywesha uji na dawa, akakataa katakata kumruhusu aondoke. Siku tatu zikawa wiki tatu. Alipolala pale akisikiliza mvua juu ya bati, hakuwaza kifo. Aliwaza kutu. Aliiona ikipanda juu ya msumeno, ikiingia kwenye bawaba za makoleo, na akaona ajabu kwamba anataka kulia kwa ajili ya makoleo. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Kumpigia Nelson amwambie Agness aingie apake mafuta? Angeeleza nini?

Aliporudi Ikuti ilikuwa Ijumaa jioni. Sinia lilikuwa juu ya jiwe kabla hajavua koti: ndizi, maharage, na kipande cha nyama kisicho cha kawaida ya Ijumaa. Kikohozi kimoja. Naye akakohoa, kwanza cha ugonjwa, kisha cha kujibu.

Kesho yake asubuhi alichukua ufunguo kwenye msumari chini ya paa, akafungua kijumba, akajiandaa kuumia.

Hapakuwa na kutu. Hata punje. Vyuma viling'aa kama siku ya ukaguzi, na ndani mlinukia kitu kingine, si mafuta ya cherehani. Akasogeza pua. Parachichi. Ni yale mafuta yanayokamuliwa na kikundi cha akina mama pale kijijini, wanayopaka nywele. Ufunguo wa msumarini kila mtu wa nyumbani anaujua, na watu wa nyumbani ni wawili. Kwa hiyo aliyeingia alijulikana.

Lakini hilo silo lililomkalisha chini. Vyuma havikuwa rafuni. Vilikuwa juu ya meza, vimepangwa mstari mmoja mrefu, na havikupangwa kwa ukubwa. Wa kwanza msumeno. Kisha bomba la kioo. Kisha koleo refu la shilingi. Kisha koni ya mti, kisha kisu cha mpini wa pembe, kisha kingine na kingine, kama miaka ilivyofuatana. Mpango huo haukuandikwa popote. Haukuonekana kwa macho. Ulijulikana kwa masikio tu, na ni lazima masikio hayo yawe yamesikiliza Jumamosi nyingi. Mahali pa mwaka tisini na mbili, katikati ya mstari, kopo la majani ya chai lilikuwa wazi, kipande cha fulana kimekunjwa vizuri pembeni, na mkasi mdogo umelala peke yake. Ule haukupakwa mafuta. Uliachwa umngoje mwenye hadithi yake.

Mzee alitoka nje akazunguka kijumba. Nyuma, chini ya upenu wa paa, palikuwa na kigoda kimeegemea ukuta, miguu yake imezama ardhini kwa kukaliwa mara nyingi. Chini yake kulikuwa na maganda ya maharage, mapya juu ya yaliyooza. Huko ndiko chai ya Jumamosi ilikokuwa ikichumwa. Agness alikuwa akifunga mlango wake kwa kishindo, anapotelea migombani, anazunguka, anakuja kukaa hapa, matone ya paa yakimwangukia magotini. Miaka mitatu. Alisikia mguu wa mzee wa Ikuti na shilingi ya mtoto wa mchungaji, na katika soko la Tukuyu lenye midomo elfu hakuna hata neno moja lililowahi kuvuja. Ambindwile alijidhani yeye ndiye mtunza siri pekee wa Rungwe. Kumbe walikuwa wawili, na mwenzake hakuwa ameapishwa na mtu. Ila Jumamosi zote hizo, alielewa sasa, Agness hakuja kusikiliza misumeno. Alikuwa akingoja mkasi, na kila mara alisikia kopo likifunguliwa na kufunikwa.

Aliona haya. Aliona haya ya kweli, ya mtu mzima, na hakuna dawa yake.

Mchana alikula kidogo. Akawasha jiko la mkaa, akaliweka miguuni, akaketi mbele ya meza. Mvua ilianza. Mlango wa Agness ukalia, nyayo zikapotea migombani. Punde, nyuma ya ukuta, akasikia kile ambacho kwa miaka mitatu masikio yake hayakutaka kukisikia: kigoda kikikaliwa.

Akaanza na msumeno, kwa kuwa mambo yana utaratibu wake. Akapita kwenye bomba, koleo, koni, kisu. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu kwa sababu ya ugonjwa. Alipofika katikati akauchukua mkasi mkononi.

"Haya," akasema. "Wewe mkasi. Leo ni zamu yako."

Nyuma ya ukuta, maharage yaliacha kumenywa.

"Mwaka tisini na mbili, mwezi wa nne, mvua kama hii. Walimleta kwa machela kutoka Nkunga, siku mbili yuko kwenye uchungu. Jina lake Lilian. Leo nataja jina, metroni anisamehe huko aliko. Alipolazwa mezani hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Akaniita baba, akaniuliza, 'Tata, ni wewe unayechemsha hivi vyuma?' Nikasema ni mimi. Akasema, 'Basi nakuomba. Mwanangu asiguswe na kitu baridi. Huku anakotoka kuna joto.' Hayo tu. Kisha wakamwekea etha, akalala."

Akaugeuza mkasi juu ya kitambaa.

"Desturi ilikuwa vyuma vipoe kwenye treyi. Wewe sikukupoza. Nilikuacha ndani ya maji ya moto mpaka daktari aliponyoosha mkono, nikakutoa, nikakukausha, ukiwa vuguvugu. Daktari Simon akasema, 'Bwana Sufuria, mkasi huu mbona wa moto?' Nikasema samahani, daktari. Na shuka ya mtoto nilikuwa nimeitandika juu ya kifuniko cha sufuria. Mtoto yule hakuguswa na baridi. Nilimwahidi mama yake na nika..."

Mvua ilikuwa imekaza, na upenu wa paa upande ule aliujua, aliujenga mwenyewe, ni mfupi. Mtoto ambaye aliahidi hataguswa na baridi alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye matone, nyuma ya ukuta, kwa sababu yake.

Mzee Ambindwile akainuka. Akalishika jiko la mkaa kwa vitambaa viwili, akatoka nalo mvuani, macho chini, akatembea mpaka kwenye kona ya kijumba. Aliona pindo la kitenge lililolowa na miguu anayoijua. Akalitua jiko chini ya paa, akaliambia, "Kaa hapa," akageuka akarudi ndani. Akauchukua mkasi tena.

"Mama yule hakuamka," akasema. "Damu ilikataa kusimama. Kabla ya saa sita akawa ameondoka. Mtoto nilimkabidhi kwa mama yake mdogo mlangoni, nikataka kumwambia yale maneno, lakini alikuwa analia na mimi niliogopa kiapo. Kisha nikaogopa harusini. Nimeogopa miaka mingi sana, mkasi, mpaka nimezeeka."

Nyuma ya ukuta, kikohozi kimoja. Si cha chakula. Kilikuwa kile chake mwenyewe, cha kujibu: nimesikia.

Alidhani yameishia hapo, na kwake yangetosha. Lakini sauti ikaja, ya chini, ya mtu anayechungulia moto.

"Wewe jiko," Agness alisema, "niulizie kwa mkasi. Picha ya mama hatuna. Mama mdogo nikimuuliza alikuwa analia tu, mpaka amekufa hajasema. Niulizie kama nimefanana naye."

Mzee alitaka kujibu. Uso wa Lilian alikuwa nao wazi kabisa, kama ameuona asubuhi. Lakini kusema huyu kafanana na huyu kunataka nyuso mbili, na yeye alikuwa na mmoja. Mtu pekee duniani ambaye angeweza kujibu swali hilo ndiye aliyesimama ukumbini mbele ya watu mia tatu akaapa kutomtazama. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na mafuta.

"Mwambie jiko," akasema, "mkasi haujui. Mkasi haujamtazama mtoto yule tangu siku aliyozaliwa. Lakini mama yake nitamsema. Alikuwa mweusi wa kuiva, uso wa mviringo. Nyusi zake zilikaribia kukutana. Na aliponiomba lile ombi niliona ana mwanya, meno ya juu, mpana, punje ya ulezi ingepita."

Mvua ilipiga bati. Mkaa ulilia kidogo. Kigoda kilisogea, na sauti iliyokuja safari hii haikupitia kwa jiko wala kwa mkasi, ilipita moja kwa moja ukutani.

"Mwanya ninao, tata."